Kuandaa mjadala wa wazi Lubumbashi kuhusu vijana wadukuzi na adhabu inayowafaa

Mjadala kuhusu vijana waliokamatwa kwa kuingilia kompyuta za watu huharibika ndani ya dakika kumi za kwanza, na chanzo ni kimoja: neno moja limebebeshwa matendo manne. Hapa Lubumbashi tunasema pirati. Pirati ni yule aliyekuibia pesa kwenye simu. Ni yule aliyeziba tovuti ya kampuni kwa hasira ya kisiasa. Ni yule aliyeingia kwenye seva bila ruhusa akatazama tu, na ni yule aliyetoa barua za siri hadharani. Ukiuliza sale (ukumbi) nzima "pirati afungwe miaka mingapi?", kila mtu atajibu akimfikiria pirati wake mwenyewe, na waliowahi kuibiwa ndio watakaopaza sauti kuliko wote. Wana haki ya kupaza. Ila hapo kijana wa miaka 16 aliyejiunga na msongamano wa mtandaoni wa kuziba tovuti anahukumiwa kwa wizi ambao hakuufanya.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha parokia, cha wanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), au cha vijana wa komini za Katuba, Kenya au Ruashi wanaotaka kuketi saa mbili na nusu na watu kama 60, wakatoka na jibu linaloweza kuandikwa.

Sale, barua, umeme

Fanyeni ndani ya sale, si uwanjani. Katiba ya 18 Februari 2006 inalinda mikutano ya amani isiyo na silaha katika kifungu cha 25. Kifungu cha 26 kinawataka wanaoandamana barabarani au kukusanyika mahali pa wazi wawaarifu viongozi kwa maandishi. Hata mkiwa ndani, andikeni barua. Tengenezeni nakala tatu: moja ya komini, moja ya shefu wa kartie, na ya tatu mwondoke nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nakala hiyo ikae mlangoni siku ya mkutano, mikononi mwa mtu mzima mwenye maneno ya upole. Askari akija kuuliza, anaonyeshwa karatasi, anakaribishwa kiti, na mkutano unaendelea. Kichwa cha barua kiwe wazi: "mazungumzo ya vijana kuhusu sheria na makosa ya kompyuta". Mkiandika "mkutano kuhusu mahaka", mnajitafutia wiki mbili za kuitwa ofisini.

Umeme wa SNEL unaweza kukatika wakati wowote, kwa hiyo msijenge kikao juu ya projekta. Kila kitu kiandikwe kwa maka nene kwenye karatasi kubwa, herufi za urefu wa sentimita 5, ili mama aliyeketi nyuma asome. Mkikodi grupu (jenereta), liwekwe mita 15 au zaidi nje ya dirisha. Kelele yake inameza sauti za watu wa upole, na hao ndio mnaowahitaji.

Mezani waketi nani

Watu wanne wanatosha: avoka (wakili) wa baro ya Haut-Katanga, yaani chama cha mawakili, fundi wa mitandao anayeweza kueleza bila maneno ya kitaalamu, mwenye kabine ya pesa za simu, na mzazi au mwalimu. Usiite avoka watatu. Wataanza kuitana "Metre" na kunukuliana vifungu kwa Kifaransa, na sale italala. Hakimu akikubali kuja ni heri, lakini mwambieni mapema kwamba hataulizwa lolote kuhusu faili iliyo mbele ya tribinali.

Mwenye kabine ni wa lazima. Ndiye anayejua mteja aliyepoteza akiba ya mwezi anavyosimama mbele ya meza bila kusema neno. Mjadala usio na mwenye kuumizwa huishia kuwapamba wadukuzi, na wazazi wataondoka wakiamini mliwaita ili kuwafunza watoto wao uhalifu.

Sharti moja msilegeze hata kidogo: hakuna kesi inayoendelea mjini itakayotajwa, wala jina, wala avenue, wala shule. Kifungu cha 17 cha Katiba kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Tena simu ziko mikononi mwa watu. Shangazi akisimama kumtetea mtoto na kusema "ni kweli alifanya, lakini ni mtoto", maneno yake yatafika parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) kabla yeye hajafika nyumbani. Tumieni kesi za nje ambazo zimekwisha kuhukumiwa, pamoja na moja ya kubuni.

Dakika 20 za mlango

Kabla ya hotuba yoyote, onyesheni kwa miili ya watu. Mnahitaji mlango mmoja, bahasha moja isiyogundishwa, ukuta, na mfuko wenye noti za karatasi mlizokata wenyewe.

Waiteni vijana 12 wajazane mlangoni, kila mmoja akitaka kupita na kurudi bila kukoma. Kisha mwambie mama mmoja mwenye kikapu aingie. Pimeni muda kwa saa na mwandike. Kwa kawaida ni sekunde tatu. Sasa atachukua nusu dakika au atarudi nyuma. Hakuna kilichoibwa wala kilichovunjwa, lakini mama hakuingia. Hivyo ndivyo tovuti inavyozibwa kwa maombi mengi. Muulizeni mama anajisikiaje. Jibu lake, lolote litakalokuwa, liandikwe ukutani neno kwa neno, maana mtalihitaji mkifika kwenye adhabu.

Tendo la pili: kijana mmoja anafungua bahasha isiyo yake, anasoma, anairudisha. Hilo ni kuingia bila ruhusa. La tatu: anaibandika ile barua ukutani kila mtu aisome. La nne: anachukua namba iliyoandikwa ndani ya barua na kutoa noti kwenye mfuko wa mwenzake.

Andikeni maneno manne kwenye karatasi kubwa: KUZIBA, KUINGIA, KUTANGAZA, KUIBA. Kuanzia hapo msimamizi hakubali neno pirati. Mtu akilisema, anaulizwa kwa heshima: "Papa, katika haya manne, unazungumzia lipi?" Mara tatu za kwanza watu watacheka. Mara ya nne watakuwa wanajisahihisha wenyewe.

Fundi asionyeshe programu yoyote wala kutaja jina lake. Akiulizwa "inafanywaje?", ajibu kwa mfano wa mlango tu.

Karatasi za kesi

Gaweni watu katika makundi ya 6 hadi 8. Kila kundi lipate kesi moja iliyoandikwa mistari sita au saba, bila hukumu. Wanaandika adhabu yao kwanza, kisha ndipo msimamizi anawasomea hukumu ya kweli. Mpangilio huu usigeuzwe. Watu wakisikia hukumu ya hakimu kabla ya kuandika, wataizunguka hiyo hiyo, wakiongeza au kupunguza miezi miwili.

Kesi ya kwanza ni Operesheni Payback ya Desemba 2010. PayPal, Visa na MasterCard zilikuwa zimefunga njia ya michango kwa WikiLeaks, tovuti inayotoa hadharani nyaraka za siri. Watu wa Anonymous, kundi la wadukuzi wasiojitaja majina, waliziba tovuti zao, wengi wakitumia programu ambayo haikuficha anwani ya kompyuta zao. Ndiyo maana polisi waliwapata upesi. Uholanzi ilimkamata kijana wa miaka 16 Desemba ile ile. London, Januari 2013, kijana wa miaka 22 aliyekuwa mmoja wa waandaaji alihukumiwa miezi 18 jela, na mahakama iliambiwa kwamba PayPal ilipata hasara ya paundi milioni 3.5. Marekani, kati ya watu 14 walioshtakiwa kwa shambulio la PayPal, 13 walikiri Desemba 2013, na kila mmoja akatakiwa kulipa dola 5,600. Kampeni ilikuwa moja, pande mbili za bahari zikatoa majibu mawili. Makundi yaulizwe: zile paundi milioni 3.5 zilihesabiwaje? Ni biashara iliyopotea wakati tovuti imezibwa, au ni pesa za kununua kinga ambayo kampuni ilipaswa kuwa nayo tangu mwanzo? Mwenye kabine atakuwa na mengi ya kusema hapa, mwacheni aseme.

Kesi ya pili ni LulzSec, kundi dogo la mwaka 2011 lililoingia kwenye kompyuta za makampuni, Sony Pictures ikiwemo, na kutangaza data za wateja. Mei 2013, mahakama ya London iliwahukumu wanne siku moja. Wawili watu wazima walipata miezi 32 na 30. Jake Davis, aliyekamatwa akiwa na miaka 18, alipata miezi 24 katika taasisi ya vijana. Mustafa Al-Bassam alikuwa na miaka 16 na bado mwanafunzi wa sekondari wakati wa matendo yale. Alipewa miezi 20 iliyoahirishwa pamoja na saa 300 za kazi bila malipo. Baadaye alisoma hadi udaktari wa falsafa katika University College London. Sehemu hiyo ya mwisho isomwe baada ya makundi kujibu, kwa sababu ina nguvu ya kuvuta hukumu.

Kesi ya tatu ni nzito. Jeremy Hammond wa Chicago aliingia kwenye kompyuta za Stratfor, kampuni binafsi ya ujasusi, mwishoni mwa 2011, akasaidia kutoa mamilioni ya barua pepe, na namba za kadi za wateja zikatumika kutoa michango isiyoidhinishwa. Novemba 2013 alipata miaka 10, akiwa na miaka 28. Hector Monsegur, kiongozi wa LulzSec aliyeanza kushirikiana na FBI tangu Juni 2011 na ambaye taarifa zake zilichangia kukamatwa kwa Hammond, alihukumiwa Mei 2014 kifungo cha miezi 7 aliyokwisha kukaa. Waache wabishane hapa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, hata dakika 25. Watu wa hapa wanajua vizuri uchungu wa msaliti, na watataka kulizungumzia hilo tu. Msimamizi awarudishe kwenye karatasi: je, miaka 10 ililingana na tendo lipi katika yale manne? Kwa maoni yetu, kesi ya Hammond ina kuingia, kutangaza na kutumia kadi za watu, kwa hiyo haiwezi kupewa adhabu ya mwenye kuziba. Lakini miaka 10 kwa mtu ambaye hakutia hata senti moja mfukoni mwake imepita kipimo.

Kesi ya Aaron Swartz, aliyepakua mamilioni ya makala za kitaaluma kupitia mtandao wa chuo kikuu cha MIT na kukabiliwa na tishio la makumi ya miaka jela, inafaa kuonyesha uzito wa mashtaka yaliyorundikwa kabla hata ya hukumu. Alijiua Januari 2013, akiwa na miaka 26. Ikisomwa, isomwe kwa ufupi na bila kueleza namna, na mtu mzima wa kikundi abaki karibu na kijana yeyote anayeonekana kuguswa. Kama watu wengi sale ni chini ya miaka 16, iacheni kabisa.

Sheria ya hapa, karatasi moja

Avoka apewe dakika 15 na karatasi moja ya pande mbili ambayo kila mtu anaondoka nayo. Asianze na adhabu. Aanze na saa. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, na kwa vyovyote ndani ya saa 24, kwa lugha anayoielewa, na kwamba kukaa kasho mikononi mwa polisi hakupiti saa 48. Baada ya hapo aachiwe au apelekwe mbele ya wenye mamlaka ya kisheria. Kwa hiyo saa ya kuingia iandikwe kwenye PV, yaani maandishi rasmi ya polisi. Familia ikifika kituoni, jambo la kwanza ni kuandika kwenye daftari siku, saa na jina la kituo. Bila saa ya kuanzia, hizo 48 hazihesabiki, na mara nyingi hapo ndipo haki inapopotea, mapema kuliko mbele ya hakimu.

Kifungu cha 19 kinampa haki ya kuwa na mtetezi tangu uchunguzi wa polisi. Asiye na pesa aulize ofisi ya ushauri wa bure ya baro. Kifungu cha 17 kinasema kosa ni la mtu mwenyewe: kaka hashikwi badala ya mdogo wake aliyekimbilia Kasumbalesa, wala mama hashikwi kwa sababu simu ni yake.

Kanuni ya mwenendo wa makosa ya jinai inasema kumfunga mtu kabla ya hukumu ni jambo la kipekee. Avoka aeleze mpangilio: parke inatoa hati, mshtakiwa anafikishwa mbele ya hakimu ndani ya siku 5, hakimu anaweza kuruhusu siku 15, kisha mwezi mmoja mmoja. Aeleze pia kuachiwa kwa muda kwa masharti, kwa dhamana au bila dhamana. Hukumu ikisomwa mshtakiwa akiwepo, rufaa ina siku 10. Zihesabiwe kwenye kalenda, pamoja na Jumapili.

Umri unabadilisha njia yote. Sheria nambari 09/001 ya 10 Januari 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Chini ya miaka 14 hana jukumu la jinai hata kidogo. Kati ya 14 na 18 anakwenda tribinali ya watoto, ambako hakimu anaweza kumkaripia na kumrudisha kwa wazazi wamsimamie, au kumweka chini ya uangalizi wa wengine. Cheti cha kuzaliwa ndicho karatasi yenye thamani kuliko zote katika faili ya namna hii. Kikikosekana, kadi ya ubatizo na buletini za shule zikusanywe siku hiyo hiyo.

Halafu ndipo ifike kanuni ya dijitali, Ordonansi-sheria nambari 23/010 ya 13 Machi 2023. Avoka asome vifungu kwenye maandishi kamili, si kwenye muhtasari uliozunguka WhatsApp. Atenganishe kuingilia mfumo na kifungu cha 360, kinachohusu kuanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu: mwezi 1 hadi 6, na faini ya faranga 500,000 hadi 1,000,000, au moja ya hizo. Vijana wengi wanadhani kosa la mtandao ni la fundi wa kompyuta peke yake, kumbe hata kidole kilichobonyeza "sambaza" kinaweza kufika tribinali. Mfano unaojulikana wa kufungwa kabla ya hukumu ni wa mwandishi wa habari Stanis Bujakera. Alikamatwa Kinshasa Septemba 2023, akahukumiwa miezi 6 Machi 2024, na akatoka siku iliyofuata kwa sababu miezi yenyewe alikuwa ameshaimaliza katika gereza la Makala. Hakuwa mdukuzi. Faili yake inaonyesha tu kwamba kungoja kunaweza kuwa adhabu yenyewe.

Kupima adhabu

Sasa kesi ya kubuni. Kijana wa Katuba wa miaka 17 amebadilisha ukurasa wa kwanza wa tovuti ya shule, akaandika kwamba karo imepandishwa bila haki. Tovuti ilikaa hivyo saa 9. Hakugusa alama wala pesa.

Kila kundi lijibu kwa mpangilio: ni tendo lipi katika manne, nani aliumia, na atataka arudishiwe nini, kijana alipata nini, alikuwa na miaka mingapi siku ile, alirekebisha mwenyewe au alifichua kasoro. Swali la adhabu linakuja la sita. Marufuku ya kutaja miezi kabla ya swali la sita ndiyo inayofanya kikao hiki kifanye kazi.

Mtu akipendekeza "asitumie intaneti miaka miwili", kama ilivyokuwa kwa Jake Davis wa LulzSec alipokuwa akingoja hukumu, msipitishe haraka. Mkabidhini simu ya mfano na mumwambie aonyeshe kijana ataishi vipi: pesa zake zimo ndani ya simu, matokeo ya mtihani yanatumwa humo, kaka aliye Kolwezi anamtumia ya chakula humo. Kundi litajikuta linaandika sharti jembamba zaidi, kwa mfano kutogusa kompyuta ya shule bila mwalimu, na kuripoti kila Ijumaa.

Akipendekeza jela, aseme jela ipi. Neno "mwaka mmoja" ni jepesi. Kasapa, jela ya hapa Lubumbashi iliyojaa kupita kiasi, si nyepesi. Waambieni waandike kijana atalala wapi, atakula cha nani, na nani atapanda gari kumpelekea chakula mara tatu kwa wiki.

Kazi ya kufidia inafaa kwa kuziba na kwa kubadilisha ukurasa: saa 40 za kurekebisha kompyuta za shule, chini ya macho ya mwalimu, na barua ya kuomba radhi kwa mkono wake. Haifai kwa wizi mpaka pesa zirudi kwanza. Mwenye kabine atalisema hili kabla yenu.

Yanayoharibu kikao

Mwanasiasa anayekuja "kusalimia" na kuomba mikro: apewe kiti cha mbele na dakika 2 kama kila mtu, saa ikiwa mezani. Kijana anayejigamba kwamba yeye pia anaweza: msimamizi amkatishe hapo hapo na kumtoa nje kwa mazungumzo, kwa usalama wake mwenyewe. Kurekodi: tangazeni mwanzoni kwamba meza inaweza kupigwa picha, walioketi sale hapana. Kura ya adhabu kwa mikono juu haifai, maana mtoto hatapinga baba yake hadharani. Tumieni vikaratasi vilivyokunjwa mara mbili, kwenye ndoo yenye mfuniko.

Vikaratasi vihesabiwe na watu wawili wasiojuana. Matokeo yaandikwe ukurasa mmoja kwa kila tendo kati ya yale manne, yakiwa na maoni ya walio wachache pia, bila jina la mtu yeyote. Nakala moja iende baro, nyingine komini pamoja na ile yenye muhuri. Vikaratasi vyenyewe vichomwe jioni ile ile, mbele ya wahesabuji.